Do Iko Wapi Leo?

Mama mmoja wa kwaya yetu, katika kanisa lililo karibu na Keroka, ana namna yake ya kunijulisha kwamba wimbo umepanda mno. Hasemi kitu. Anashusha kitabu, anagusa koo kwa vidole viwili, kisha ananitazama mpaka nimwone. Nikishamwona nainua mkono, kwaya yote inanyamaza, nami natoa do nyingine, yaani sauti ya msingi ya wimbo, iliyo chini kidogo kuliko ile ya kwanza. Tunaanza upya. Maneno ni yaleyale, mwendo ni uleule, besi wanapita njia yao na alto yao, lakini sasa yule mama anaimba bila kukunja uso.

Nimefundisha kwaya za Waadventista huku Kisii na Nyamira kwa miaka mingi, na nilipokuwa mwalimu wa sekondari nilifundisha muziki darasani. Watu hudhani kazi ya mwalimu wa kwaya ni kufundisha nyimbo. Nyimbo watu wanazijua, wengine tangu wakiwa migongoni mwa mama zao. Kazi kubwa ni kuupeleka wimbo mahali ambapo koo za watu walio mbele yako zinaweza kuufikia. Vitabu huita kazi hiyo kuhamisha ufunguo. Kwayani tunasema tu "shusha kii" au "pandisha kii", na kila mtu anaelewa.

Anayetaka kuliona jambo hili kwa macho aende kwenye kibodi. Kutoka C moja hadi C inayofuata kuna hatua 12, ukihesabu vitufe vyeupe na vyeusi pamoja, na kila hatua ni nusu toni. Sikio halitambui wimbo kwa kitufe ulichoanzia. Linautambua kwa umbali uliopo kati ya sauti moja na inayofuata. Anza F upande nusu toni nne, au anza D upande nusu toni nne: kote umeimba do kisha mi. Ni kama kuhamisha ngazi kutoka ukuta huu hadi ule. Vidato havisogeleani wala havitengani. Sharti ni moja tu, kwamba sauti zote zihame kwa kipimo kimoja. Ikibaki hata moja nyuma, wimbo umeharibika na hata mtoto atageuka kutazama.

Sababu iko katika namna sauti zinavyotetema. A iliyo juu kidogo ya katikati ya kibodi hutetema mara 440 kwa sekunde, kipimo kilichokubaliwa katika mkutano wa kimataifa uliofanyika London mwaka 1939. Nusu toni juu yake ni karibu 466. Oktava nzima juu ni 880, na oktava chini ni 220. Maana yake, kupanda katika muziki ni kuzidisha, si kujumlisha: kila nusu toni unazidisha kwa 1.059 hivi. Ukiuchukua wimbo mzima ukazizidisha sauti zake zote kwa namba moja, uhusiano kati yao haubadiliki hata kidogo, na uhusiano huo ndio wimbo wenyewe.

Basi kwa nini tusichague ufunguo mmoja tuuzoee? Jibu liko kooni. Chukua wimbo ambao soprano wanapanda hadi mi ya juu na besi wanatua kwenye do ya chini. Do ikiwa F, ile mi ni A, na kwaya ya kijijini ikifika hapo soprano wawili wanaimba na waliobaki wanafungua midomo tu. Nikishusha hadi D, mi inakuwa F shapu na soprano wanatabasamu. Lakini sasa nimewatupa besi shimoni. Do yao imekuwa D ya chini kabisa, na besi wa kawaida huishia E; akivuka hapo inatoka pumzi bila sauti. Kwa hiyo naweka do kwenye E. Soprano wanagusa G shapu kwa juhudi kidogo, besi wanasimama kwenye sauti yao ya mwisho, na hakuna anayeumia. Nusu toni moja tu, F kuwa E, na kwaya ni nyingine kabisa. Ninalisisitiza hili kwa sababu nimeona walimu wakigombana na waimbaji wao jioni nzima, wakiwaita wavivu, na shida ilikuwa nusu toni.

Na koo hazikai mahali pamoja. Sauti za akina mama hushuka kadiri umri unavyosonga. Sauti za wavulana huvunjika katikati ya muhula, aliyekuwa alto mwezi wa tano hana pa kukaa mwezi wa nane. Wimbo tulioimba kwa F kwenye harusi Kebirigo, tukiitwa kuuimba matangani asubuhi baada ya watu kukesha katika baridi na moshi, tunaanza E flati au hata D. Kisha kuna jambo ambalo kila kwaya isiyotumia ala inalijua: wimbo hushuka wenyewe. Unaanza F, beti zinapita, watu wanachoka bila kujua, na ukigusa kibodi mwishoni unakuta mmefika E au karibu yake. Sauti zote zimeshuka pamoja, kwa hiyo hakuna aliyesikia kasoro. Kwaya imehamisha ufunguo bila kuagizwa na mtu.

Hata mtoto wa shule ya msingi anafanya hivyo. Jumatatu na Ijumaa bendera inapopanda, kiranja mmoja huanzisha wimbo wa taifa kutoka sauti yoyote inayomjia kichwani. Akianzia juu, wenzake wanafika katikati wakipiga kelele; akianzia chini, wavulana wakubwa pekee ndio wanaosikika. Wimbo wetu wa taifa ulitokana na wimbo wa Wapokomo wa kubembeleza mtoto, na jopo la wanamuziki watano, Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi, ndilo lililouandaa mwaka 1963. Shule elfu moja zikiuimba asubuhi moja, zinauimba kwa funguo zote 12 na nyingine zilizo katikati ya hizo, na bado ni wimbo mmoja.

Wengi wetu tulijifunza haya kupitia solfa, utaratibu wa kuandika wimbo kwa herufi za do, re, mi. Waadventista walianza kazi yao Kenya kule Gendia mwaka 1906, na miaka michache baadaye wakafika Nyanchwa, kwenye kilima kinachotazama mji wa Kisii. Wakatoliki wa Mill Hill walikuwa Nyabururu mwaka 1911. Nyimbo za dini zilipoenea, solfa ilienea nazo, makanisani na mashuleni. Chanzo chake ni mwanamke, na jina lake linastahili kutajwa kila mara: Sarah Glover wa Norwich, Uingereza, aliyechapisha utaratibu wake mwaka 1835 ili watoto na watu wa kawaida waweze kuimba kwa kusoma. Mchungaji John Curwen aliuchukua katika miaka ya 1840, akaupanga upya, akaueneza, na wamisionari wakausafirisha hadi Afrika. Enoch Sontonga, mwalimu na kiongozi wa kwaya wa Afrika Kusini, alitunga kwa solfa mwaka 1897 ule wimbo ambao sauti yake ndiyo leo wimbo wa taifa wa Tanzania.

Ubora wa solfa ni kwamba do haina makao ya kudumu. Juu ya karatasi imeandikwa "Do ni F", na chini yake herufi tupu: d, r, m, f, s, l, t, na vistari vya kupandisha au kushusha oktava. Nikitaka kushusha, nafuta F juu ya karatasi naandika E. Basi. Herufi nyingine zote zinabaki kama zilivyo, iwe wimbo ni wa kurasa mbili au wa kurasa kumi. Anayesoma muziki wa mistari mitano hana bahati hiyo. Akihamisha ufunguo lazima noti zote ziandikwe upya mahali pengine, na alama za shapu na flati zibadilishwe. Nimekaa na wasomi wa muziki wanaoitazama solfa kama kitu cha watu wasiosoma vizuri. Mimi nasema anayeijua solfa kwa kina amekwisha kujua kuhamisha ufunguo kabla hajafundishwa, na ana msingi wa kuelewa jambo linalowasumbua hata wenye vyeti, yaani ala ambazo noti iliyoandikwa siyo sauti inayosikika.

Kijana mmoja wa kwetu alirudi kutoka Nairobi na saksofoni ya alto, kuukuu lakini nzima. Alikuwa na hamu ya kusindikiza kwaya wakati wa makambi, mikutano yetu mikubwa ya ibada. Si makanisa yetu yote yanayokubali saksofoni, na sitaingia katika mjadala huo hapa, letu lilikubali. Siku ya mazoezi mpiga kibodi akamwambia, "Tuko F." Kijana akacheza F. Sauti iliyotoka iliwafanya watoto waliokuwa mlangoni wacheke, na mzee mmoja wa kanisa akatikisa kichwa. Walijaribu tena, ikawa vilevile. Baada ya mazoezi alinifuata.

"Mwalimu, hiki chombo kimeharibika."

"Nani amekuambia?"

"Fundi. Anasema lazima kifunguliwe chote kisetiwe upya." Akanitajia bei ambayo kwa wazazi wake ni bonasi ya majani chai ya mwaka mzima.

Nilimwambia akae kwenye benchi, aweke kidole cha kati cha mkono wa kushoto peke yake, apulize. Ndivyo C inavyochezwa kwenye saksofoni. Akapuliza, sauti safi kabisa. Nikamwomba aishikilie, nami nikaanza kutafuta sauti hiyo kwenye kibodi. C haikuwa. D haikuwa. Kitufe cheusi kilicho kati ya D na E kikaingia ndani ya sauti yake barabara, mpaka sauti mbili zikawa moja. "Hiki ni kitufe gani?" nikamuuliza. "E flati," akasema. Alinyamaza kidogo, akapuliza tena, akagusa kile kitufe mwenyewe. "Kwa hiyo C yangu ni E flati yenu." Nikamwambia chombo chake hakina ugonjwa wowote, na asimpe fundi hata shilingi.

Hiyo ndiyo ala inayohamisha. Saksofoni ya alto iko katika E flati: mchezaji akisoma C, wasikilizaji wanasikia E flati iliyo chini yake kwa nusu toni tisa. Tarumbeta na klarineti za kawaida ziko katika B flati. Mchezaji akisoma C inasikika B flati, toni moja chini. Saksofoni ya tena nayo iko B flati, ila inashuka toni hiyo moja pamoja na oktava nzima. Honi ya Kifaransa iko katika F, akisoma C inasikika F ya chini. Kinanda, kibodi, zeze la Kizungu, filimbi ya kulala na trombone husomwa kama zinavyosikika.

Kwa hiyo kwaya ikiimba F, tarumbeta inacheza G, saksofoni ya alto inacheza D, honi inacheza C, na wote wanatoa sauti moja. Kila mtu amepita njia yake, wakakutana.

Mtu mwenye akili atauliza kwa nini watengenezaji walituletea usumbufu huu. Nami niliuliza nikiwa mwanafunzi, na jibu nililopewa lilikuwa "ndivyo zilivyo", jibu ambalo mwalimu hapaswi kumpa mtoto. Sababu ya kweli inapendeza.

Tarumbeta za zamani zilikuwa bomba tupu. Bomba la urefu fulani hutoa sauti chache tu, zile ambazo urefu wake unaziruhusu, na zote ni za ufunguo mmoja. Wimbo ukiwa katika ufunguo mwingine, mpulizaji alichomoa kipande cha bomba akachomeka kirefu au kifupi zaidi. Mwandishi wa muziki akaona ni rahisi kumwandikia kila mara kana kwamba yuko C, kisha akamwambia juu ya karatasi achomeke kipande gani. Msomaji wa solfa atalitambua jambo hilo mara moja, maana ni "Do ni F" katika umbo la shaba. Kati ya mwaka 1814 na 1818 Wajerumani wawili, Heinrich Stölzel na Friedrich Blühmel, walivumbua vali. Tazama tarumbeta ya bendi yoyote: vitufe vitatu vya kubonyeza. Cha katikati kinaiongezea pumzi njia ndogo ya pembeni na sauti inashuka nusu toni; cha kwanza inashuka toni nzima; cha tatu toni moja na nusu. Kila kitufe kinafanya ile kazi ya kuchomeka bomba jingine, ila kwa kufumba na kufumbua. Vipande vya kuchomeka vikaachwa, lakini urefu wa bomba uliopendwa ulibaki. Bomba la tarumbeta ya B flati likinyooshwa lina karibu mita moja na nusu, la honi ya F linakaribia mita nne, na la tuba kubwa hupita mita tano.

Sababu ya pili ni ya huruma kwa mchezaji. Adolphe Sax, Mbelgiji aliyefanya kazi Paris, alipata hataza ya saksofoni mwaka 1846. Hakutengeneza saksofoni moja. Alitengeneza ukoo mzima, mdogo hadi mkubwa, na wale tunaowaona leo wanapokezana B flati na E flati: soprano, alto, tena, baritoni. Vidole ni vilevile kwa zote. Kijana wangu akiacha alto akachukua tena, anapoona C kwenye karatasi anaweka kidole kilekile cha kati. Kama noti zingeandikwa kwa sauti halisi, angelazimika kujifunza vidole upya kwa kila ukubwa wa chombo. Hesabu imeondolewa kwa anayepuliza, ikawekwa kwa anayeandika. Bendi za shaba za Kiingereza zilifuata mantiki hiyohiyo, na desturi yao ni kwamba karibu kila mpulizaji, kutoka koneti ndogo hadi tuba, anasoma kwa alama ileile ya mwanzo wa mistari na kwa vidole vya aina moja. Mtu akiugua, jirani anashika chombo chake. Bendi za Jeshi la Wokovu, lililoanza kazi Kenya mwaka 1921, zimerithi utaratibu huo, na ndiyo sababu mtoto anaweza kukua ndani ya bendi akihama kutoka chombo hadi chombo.

Sasa kuna kitufe cha kibodi, kile cha kuhamisha ufunguo, ambacho kimeenea makanisani kwetu kuliko maarifa ya kukitumia. Vijana wengi wanaocheza kibodi wanajua ufunguo mmoja tu. Wakiambiwa wimbo uko chini, wanabonyeza, namba inasomeka nne au mbili kwenye kioo, wanaendelea na vidole vyao vilevile. Sikikatai kitufe hicho. Kimeokoa ibada nyingi. Lakini aliyekibonyeza ajue amefanya nini: amegeuza kibodi kuwa ala inayohamisha. Anacheza C, namba ni nne, tunasikia E. Mwenye saksofoni akiuliza "tuko wapi?" na kuambiwa "C", atacheza A na kila mtu atamtazama yeye, ilhali aliyempotosha ni mwenzake. Alipaswa kuambiwa E, acheze C shapu. Ninachodai kwa wapiga kibodi wangu ni kwamba wataje sauti inayosikika, si kitufe walichoshika. Wengi hukasirika mwanzoni.

Na hapo kuna mvutano mwingine. Koo za kwaya yangu zinapenda E, kama nilivyoeleza. Kwa tarumbeta E inakuwa F shapu yenye shapu sita, na kwa alto inakuwa C shapu yenye shapu saba, au uiite D flati yenye flati tano. Kumpa anayejifunza ukurasa kama huo ni kumfukuza. Basi wapulizaji wakiwepo tunapatana E flati au F: kwa E flati alto yuko C, hana shapu wala flati hata moja, na tarumbeta iko F yenye flati moja. Besi wananung'unika kidogo kwa nusu toni waliyoongezewa chini. Ninawaruhusu wapande oktava pale do inapowashinda.

Kwa msaada wa solfa, kazi ya kuwaandikia wapulizaji, ambayo inawatisha walimu wengi, kwangu ni nyepesi. Natoa nakala za karatasi ileile ya solfa ya kwaya. Ya kwaya inasema Do ni F. Ya tarumbeta nafuta F, naandika Do ni G. Ya alto, Do ni D. Herufi sizigusi. Wimbo ukihama katikati kwenda C, kama nyimbo nyingi za sauti nne zinavyofanya kabla ya kiitikio, naandika A kwenye ya alto na D kwenye ya tarumbeta. Kinachobaki ni kuangalia oktava, maana alto ikicheza sauti ya soprano pale ilipo inaweza kupiga kelele juu ya waimbaji. Mara nyingi nampa sauti ya tena. Yule kijana anasoma hivyo sasa, na taratibu nimeanza kumwonyesha jinsi herufi hizo zinavyokaa kwenye mistari mitano, kwa sababu atakapotoka hapa hakuna bendi itakayompa solfa.

Jambo moja la mahali petu lisisahauliwe. Keroka na Nyansiongo ziko juu, na asubuhi ni baridi kweli. Ala za kupuliza zikiwa baridi hushuka sauti, na zikipata joto la pumzi hupanda. Tarumbeta iliyolala kwenye hema la makambi haitakubaliana na kibodi saa moja asubuhi. Hilo halihusiani na ufunguo wala halitibiwi kwa kuhamisha. Ni kupuliza hewa ndani bila kutoa sauti mpaka chuma kipate joto, kisha kusogeza bomba la kurekebishia.

Katika mashindano ya muziki ya shule mambo hugeuka, kwa sababu huko tunaingia na obokano. Hiki ni kinubi kikubwa cha Wagusii, nyuzi nane juu ya bakuli la mti lililowambwa ngozi, sauti yake nzito kiasi kwamba wageni wamekilinganisha na besi kubwa ya Kizungu. Watu wa mijini wamekijua tena kupitia wasanii kama Grandmaster Masese, anayeghani mashairi yake huku akikipiga. Obokano haina A ya 440. Mzee wa jirani yetu, ambaye sote tunamwita Tata, anapokuja kutusaidia hukaa kwenye kigoda, anaegemeza chombo, halafu anamwomba msichana anayeongoza wimbo aimbe kidogo tu, maneno yoyote. Anasikiliza ameinamisha kichwa. Ndipo anaposhika mti wa juu na kuanza kuzungusha vifungo vya nyuzi, kimoja baada ya kingine, akigusa uzi, akizungusha tena, mpaka nyuzi zote zimesogea kuelekea koo la yule mtoto. Msichana akipata mafua wiki ya mashindano, anazishusha zote.

Mwaka mmoja mpiga kibodi wetu alitaka Tata aipeleke obokano kwenye F ili waanze pamoja. Nilikataa. Sauti ya mtoto ilikuwa kati ya E na F, obokano ilikuwa imeshaifuata huko, na nafasi za nyuzi zake si zile nusu toni 12 za kiwandani. Kibodi ina mahali pa kusogeza sauti kidogo kidogo, chini ya nusu toni. Nilimwambia kijana afungue hapo, amsikilize Tata, asogee yeye. Ilimchukua muda, na alipofika tulijua sote, kwa sababu mlio wa kibodi ulijificha ndani ya obokano. Hata hivyo nafasi kati ya nyuzi zilibaki za obokano, na kwenye noti tatu tulimwomba anyamaze.